Uchovu usioisha na shingo iliyovimba: namna ya kuelewa vipimo vya tezi ya tiroidi

Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa unaofichama, maana dalili zake zinafanana na uchovu wa kila siku.

Kuna mama anayeamka asubuhi amechoka kama mtu ambaye hakulala. Anasikia baridi wakati wengine wanatoa jasho. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi inakauka hata akijipaka mafuta, na siku tatu zinapita bila kupata choo. Uso unavimba asubuhi, sauti inakuwa nene, mwezi wake unakuja na damu nyingi, au mimba haishiki. Anasahau aliyotumwa sokoni. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu, na jirani anasema amerogwa. Yeye mwenyewe anaanza kuamini maneno hayo.

Dalili hizi zinaweza kutoka kwenye tezi ndogo iliyoko mbele ya shingo, yenye umbo la kipepeo, ambayo waganga wanaiita tiroidi. Tezi hiyo inatengeneza homoni zinazoambia mwili mzima ufanye kazi kwa mwendo gani: moyo, tumbo, ngozi, akili na tumbo la uzazi. Ikilegea, kila kitu kinalegea pamoja nayo.

Lakini tuwe waangalifu. Kwetu uchovu una njia nyingi. Malaria, upungufu wa damu, minyoo, sukari, mimba changa, njaa na kazi nyingi vyote vinachosha. Kwa hiyo muuguzi akianza kwa kupima malaria na kuangalia wingi wa damu, anafanya vema. Tezi inafikiriwa pale hayo yamepimwa na kutibiwa lakini uchovu umebaki, au pale dalili kadhaa tulizozitaja zinaonekana kwa mtu mmoja.

Shingo peke yake haitoshi

Wengi wetu tunafikiri kwamba ugonjwa wa tezi ni goita tu, ule uvimbe wa shingo. Mwenye goita anaitwa mgonjwa, na mwenye shingo laini anaitwa mzima. Si kweli. Mtu anaweza kuwa na goita kubwa huku tezi yake inafanya kazi vizuri. Mwingine ana goita na tezi yake imelegea. Mwingine ana goita na tezi yake inakimbia kupita kiasi: anakonda ingawa anakula, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, anatoa jasho usiku. Tena kuna wenye shingo laini kabisa ambao tezi yao imelegea sana.

Sisi wa mashariki ya Congo tuna mfano wetu. Mwaka 1996 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapisha habari kutoka Kivu. Kwa miaka mingi watu wa huko walikuwa wamekosa iyodi, na goita zilikuwa nyingi. Chumvi yenye iyodi ilipofika, iliwasaidia wengi, lakini baadhi ya watu walianza kuugua ugonjwa wa tezi inayokimbia. Tezi za zamani zenye mabonge, zilizozoea njaa ya iyodi, zilipoipata zilianza kutengeneza homoni bila kipimo. Kwa macho, goita ya tezi iliyolegea na goita ya tezi inayokimbia zinaweza kufanana, lakini dawa zake ni kinyume kabisa. Ukimpa mwenye tezi inayokimbia dawa ya tezi iliyolegea, unaweza kuudhuru moyo wake.

Ekografi nayo tuielewe vizuri. Inaonyesha ukubwa wa tezi na kama ina mabonge, lakini haionyeshi kama inafanya kazi polepole au haraka. Mama anayelipa ekografi peke yake anarudi nyumbani na picha nzuri bila jibu la swali lake. Jibu la swali hilo liko kwenye damu.

TSH ni nini?

Kipimo cha kwanza kinaitwa TSH. Tukielewe kwa mfano wa nyumbani. Mama amemtuma binti kutwanga sombe. Binti akitwanga vizuri, mama anaongea kwa sauti ya kawaida. Binti akilegea, mama anapaza sauti: twanga! Akizidi kulegea, mama anapiga kelele hadi majirani wanasikia. Na binti akitwanga kupita kiasi, mama ananyamaza, maana hana sababu ya kuita.

Binti ni tezi ya shingo. Mama ni tezi nyingine ndogo iliyoko chini ya ubongo, yenye kazi ya kusimamia. TSH ndiyo sauti ya mama. Kwa hiyo:

TSH ikipanda, maana yake tezi ya shingo imelegea na inasukumwa.

TSH ikishuka sana, mara nyingi maana yake tezi ya shingo inakimbia.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Wanaona namba kubwa na kufikiri kwamba tezi ina nguvu nyingi. Ni kinyume: namba kubwa ya TSH ni ishara ya tezi dhaifu.

Kwa mtu mzima asiye na mimba, labo nyingi zinaandika kwamba TSH ya kawaida iko kati ya 0,4 na 4 hivi. Kipimo kinaandikwa mUI/L au µUI/mL, na namba ni ile ile kwa njia zote mbili. TSH ndiyo inayotangulia kupimwa kwa sababu inabadilika mapema. Homoni ya tezi ikipungua kidogo tu, TSH inapanda mara nyingi zaidi, wakati mwingine kabla mtu hajajisikia mgonjwa.

T4 libre inakamilisha habari

Kipimo cha pili kinaitwa T4 libre, au FT4. Hii ni homoni yenyewe inayotoka kwenye tezi ya shingo. Tukirudi kwenye mfano wetu, T4 ni sombe iliyokwisha kutwangwa na kuwekwa kwenye sufuria. TSH inatuambia mama anapaza sauti kiasi gani, na T4 inatuambia kazi iliyofanyika.

Tahadhari moja juu ya namba za T4. Labo moja inaweza kuandika kwa pmol/L, nyingine kwa ng/dL. Namba 1 ya ng/dL ni karibu sawa na 13 za pmol/L. Kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya dada yako kwa kuangalia namba tu. Angalia safu ya pembeni iliyoandikwa « valeurs normales » au « valeurs de référence ». Hiyo ndiyo mipaka ya labo iliyokupima.

Haya ni matokeo manne tuliyoyaandika kwa kufundishia tu. Tuseme labo hii inahesabu T4 libre ya kawaida kuwa kati ya 12 na 22 pmol/L.

Karatasi ya kwanza: TSH 38, T4 libre 5. Sauti iko juu sana na kazi ni ndogo. Hii ni tezi iliyolegea waziwazi, na mama huyu anahitaji dawa.

Karatasi ya pili: TSH 7, T4 libre 15. Sauti imepanda kidogo, lakini kazi bado inafanyika. Waganga wanaita hali hii ulegevu uliojificha. Mara nyingi hawaanzi dawa siku hiyo. Wanarudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, maana kwa wengine TSH inarudi yenyewe. TSH ikibaki juu ya 10, au mama akiwa na mimba au anatafuta mimba, daktari anaweza kuamua kutibu.

Karatasi ya tatu: TSH 0,01, T4 libre 45. Mama amenyamaza na sombe imejaa hadi inamwagika. Hii ni tezi inayokimbia. Dawa yake ni nyingine kabisa.

Karatasi ya nne: TSH 1,1, T4 libre 6. Hii inahitaji maelezo yake peke yake.

Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa

Mtu asiyejua akiona TSH ya 1,1 atasema: « Uko mzima, nenda nyumbani. » Lakini T4 iko chini sana. Kazi haifanyiki na sauti haipandi. Kwa nini? Kwa sababu mama mwenyewe, ile tezi ya chini ya ubongo, ni mgonjwa na hawezi kupaza sauti.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaozaa mbali na hospitali. Mwanamke anayepoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa anaweza kuharibika tezi hiyo ya chini ya ubongo, kwa sababu imekosa damu. Waganga wanauita ugonjwa wa Sheehan. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni maziwa yasiyokuja. Baadaye mwezi haurudi, nywele za kwapani na za sehemu za siri zinapungua, nguvu zinakwisha, na mama anaanguka akiugua hata homa ndogo. Pengine miaka inapita kabla ya mtu kuunganisha uchovu wake na uzazi ule.

Ikiwa historia yako ni hiyo, mwambie daktari waziwazi: « Nilitokwa na damu nyingi nilipozaa, sikupata maziwa, na mwezi haukurudi. » Usikubali TSH peke yake. Omba T4 libre pamoja nayo. Daktari atataka kupima na homoni nyingine inayoitwa kortizoli, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hii dawa ya kortizoni inatangulia mbele ya dawa ya tiroidi. Kubadilisha utaratibu huo kunaweza kuhatarisha maisha.

Vipimo vingine unavyoweza kuandikiwa

T3: hii nayo ni homoni ya tezi. Inasaidia kutambua tezi inayokimbia. Kwa tezi iliyolegea haisaidii sana, kwa sababu mwili unajitahidi kuilinda T3 hata T4 ikiwa imeshuka. Kama fedha ni kidogo, TSH na T4 libre zinatangulia.

Anti-TPO: kipimo hiki kinaonyesha kama askari wa mwili wanaishambulia tezi yao wenyewe. Ugonjwa huo una jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinaeleza sababu ya ulegevu. Hakisemi mama atumie dawa kiasi gani, wala hakihitaji kurudiwa kila mara.

Iyodi katika mkojo: inatumika kujua hali ya kijiji au ya eneo zima. Kwa mtu mmoja haitoi jibu la hakika, kwa sababu inabadilika kila siku kufuatana na chakula.

Mambo ya kufanya mbele ya kutoa damu

Si lazima ufunge chakula kwa ajili ya TSH na T4. Ni vema kupimwa asubuhi, na ukirudia, rudi saa zile zile, maana TSH inapanda na kushuka ndani ya siku.

Kama unaumwa sana, kwa mfano malaria kali au baada ya kupasuliwa, matokeo yanaweza kudanganya. Isipokuwa daktari ana haraka, ngoja upone kabisa, karibu wiki 6, ndipo upime.

Kama unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, mara nyingi vina biotini. Biotini inaweza kuvuruga mashine za labo na kutoa namba za uongo. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 mbele ya kupima, na umwambie muuguzi.

Kama tayari unatumia dawa ya tezi, toa damu kwanza, kisha umeze kidonge cha siku hiyo.

Taja dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu, kama etionamidi, zinaweza kulegeza tezi. Dawa ya moyo inayoitwa amiodaroni na dawa ya akili inayoitwa lithiamu zinaweza kufanya hivyo pia.

Na ukiwa na mimba, hakikisha jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi ya labo. Katika miezi 3 ya kwanza TSH ya kawaida inashuka, kwa hiyo mipaka ya mwenye mimba si ile ya mtu mwingine.

Mama mwenye mimba na mtoto mchanga

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito zaidi. Katika miezi ya kwanza ya mimba mtoto hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Tezi ya mama ikilegea sana na asitibiwe, mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa mapema, na akili yake inaweza kubaki nyuma.

Nchi yetu ilijifunza jambo hili mapema kuliko nchi nyingi. Katika miaka ya 1960, watafiti wa Ubelgiji wakishirikiana na watu wa Lwiro, karibu na Bukavu, walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Waliona ajabu: kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita, lakini kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Iyodi ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti kubwa ilikutwa kwenye chakula: watu wa kaskazini walikula mihogo zaidi. Mihogo isiyotengenezwa vizuri inaacha sumu mwilini ambayo inageuka kitu kinachoitwa tiosianati, na kitu hicho kinaizuia tezi kupata hata ile iyodi kidogo iliyopo.

Baadaye watafiti walikwenda Ubangi, kaskazini mwa nchi. Katika vijiji vilivyoguswa zaidi, karibu mtoto 1 kati ya 10 alizaliwa na tezi iliyolegea sana. Katika nchi zenye iyodi ya kutosha ni mtoto 1 kati ya 2.000 hadi 4.000. Mama wenye mimba walipodungwa mafuta yenye iyodi, watoto wao walizaliwa na tezi nzuri zaidi. Walijua hayo kwa kupima TSH ya watoto wachanga. Kipimo ni kile kile tunachokizungumza leo.

Tangu miaka ya 1970, kuanzia Quebec huko Kanada, nchi nyingi zilianza kupima kila mtoto mchanga. Muuguzi anachoma kisigino cha mtoto siku chache baada ya kuzaliwa, anaweka tone la damu kwenye karatasi nene, na karatasi ikikauka inatumwa labo. Kwetu kipimo hiki hakijawa desturi ya kila matenite. Kwa hiyo macho ya mama, ya bibi na ya mkunga ndiyo yanayotangulia. Angalieni mtoto ambaye:

macho na ngozi yake vinabaki njano zaidi ya wiki 2;

analala mno na hanyonyi kwa nguvu;

sauti ya kilio chake ni nene;

ulimi wake ni mkubwa na unatoka nje ya kinywa;

hapati choo vizuri, na kitovu kimevimba;

mwili wake ni wa baridi na mlegevu.

Mtoto huyu asingojee CPS ya mwezi unaofuata. Apelekwe kwa muuguzi siku hiyo, na jamaa waulize juu ya kipimo cha TSH. Mtoto anayeanza dawa ndani ya wiki 2 za kwanza anaweza kukua na akili yake nzima. Kila mwezi unaopita bila dawa unachukua sehemu ya akili hiyo, na hairudi.

Njia ya kupita huku kwetu

Anza kwenye kituo chako cha afya. Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana mbali kwa kazi iliyofanywa hapa pamoja na Taasisi ya Antwerpen, ya kupanga vituo vya afya ili mgonjwa aanzie karibu na nyumbani na kutumwa hospitali akiwa na karatasi yake. Njia hiyo bado ni nzuri. Muuguzi mkuu atapima yale yaliyo karibu: malaria, damu, sukari, mimba. Kisha ataandika karatasi ya kukutuma kwenye hospitali kubwa.

Mbele ya kusafiri, uliza maswali matatu. Je, kipimo cha TSH kinafanyika hapo, au damu inachukuliwa na kutumwa mji mwingine? T4 libre nayo inapatikana? Bei ya vyote ni kiasi gani, na matokeo yanatoka siku gani? Damu inayotumwa mbali inapaswa kutengwa kwenye mashine, na maji yake kuwekwa baridi. Si kitu cha kubeba kwenye mfuko wa pikipiki kwa siku mbili za jua. Wakati mwingine ni heri mgonjwa asafiri mwenyewe kuliko kulipia damu itakayofika imeharibika.

Tena, mtu akikuuzia dawa ya tezi sokoni bila karatasi ya labo, usinunue. Vitamini na madini navyo vina hatari yake. Mwaka 1991 watafiti waliotoa seleniamu peke yake kwa watu wa kaskazini ya nchi yetu waliokosa iyodi waliona homoni za tezi zikizidi kushuka kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimelegea tayari. Kitu kizuri kikitolewa bila kupima kinaweza kuongeza ugonjwa.

Ukianza dawa

Dawa inaitwa levothyroxine. Ni homoni ile ile ambayo tezi ilipaswa kuitengeneza, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Inamezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja mbele ya chai. Vidonge vya chuma vya CPN na vya kalsiamu vitengwe nayo kwa saa 4, la sivyo vinaizuia kuingia mwilini. Mama wengi wanameza vyote pamoja asubuhi, kisha wanashangaa TSH haishuki.

TSH inarudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilisha kiasi. Ukipima baada ya wiki 2 utapoteza fedha, kwa sababu TSH inashuka polepole. Kwa wengi dawa ni ya maisha. Mama anayeiacha kwa kuwa amepona anarudi pale pale baada ya muda. Na mama anayetumia dawa akishika mimba, aende kupimwa mara moja, bila kungoja tumbo lionekane, maana mara nyingi kiasi kinahitaji kuongezwa.

Aliyepasuliwa goita naye asijione amemaliza. Kama tezi yote imetolewa, dawa ni ya maisha. Kama sehemu imebaki, TSH ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kupasuliwa, kisha kila mwaka.

Jikoni

Iyodi inaingia mwilini kwa chakula. Mtu mzima anahitaji karibu mikrogramu 150 kwa siku, na mwenye mimba au anayenyonyesha 250. Nunua chumvi ambayo mfuko wake umeandikwa kwamba ina iyodi. Iweke kwenye chombo kilichofungwa, mbali na jua na unyevu, na uitie mwisho wa kupika. Mihogo michungu iloweke siku 3 kamili, kisha uianike vizuri. Sombe itwangwe sana na kuchemshwa bila mfuniko ili sumu itoke na mvuke. Samaki wa bahari, kama makayabo, nao wanasaidia. Tukumbuke tu kwamba chumvi inazuia ugonjwa. Tezi iliyokwisha kulegea sana inahitaji labo na daktari.

Kwa vikundi vyetu

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi kijaribu mambo manne. Kwanza, someni pamoja orodha ya dalili za mtoto mchanga, na wakunga na RECO wawepo. Pili, ulizeni bila aibu kama kuna mama aliyetokwa na damu nyingi alipozaa na hajapata nguvu tangu siku hiyo, na msindikizeni hospitali. Tatu, mkiwa na likelemba au AVEC, tengeni sehemu ya mfuko wa jamaa kwa safari na vipimo vya namna hii. Nne, kila mama aliyepimwa atunze karatasi zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya CPN. Daktari akiona TSH ya mwaka jana kando ya ile ya leo, atajua kama tezi inapona au inazidi kulegea, na mama hatalipia tena kipimo ambacho jibu lake lilikuwa nyumbani.